Waungwana, watumwa na haki ya kukataa katika Roma ya kale

Mwanzoni mwa enzi za makaizari, wakili maarufu wa Roma, Quintus Haterius, alisimama kumtetea mtu aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Mteja wake alikuwa akisimangwa kwamba analala na bwana wake wa zamani. Haterius hakukana. Alisema kupoteza heshima ya mwili ni kosa kwa mwungwana, ni lazima kwa mtumwa, na kwa aliyeachwa huru ni wajibu. Mji mzima ulilidaka neno hilo la mwisho. Watu wakawa wanataniana, “mbona hunitimizii wajibu wako?” Seneca, baba wa mwanafalsafa wa jina hilo hilo, ndiye aliyetuhifadhia kisa hiki, na anakisimulia kama mfano wa msemaji aliyeteleza ulimi. Sehemu ya katikati, ile inayosema kwamba kwa mtumwa ni lazima, haikumchekesha mtu wala kumkera mtu.

Naanza na Haterius kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu Roma yamekwenda kombo. Kila mjadala wa mapenzi ya jinsia moja unapozuka, Roma huitwa kutoa ushahidi, na huitwa na pande zote mbili. Wa upande mmoja husema dola ile ilianguka kwa sababu ya ulawiti. Nimelisikia hilo kwenye mahubiri, redioni, hata kwenye vikao vya harusi. Wa upande wa pili husema Warumi walikuwa watu wenye upeo, waliomwacha kila mtu ampende amtakaye. Nimewasoma Warumi kwa miaka mingi, kwanza kwa Kilatini cha seminari, baadaye kwa hamu yangu mwenyewe, na naona pande zote mbili zinamwita shahidi ambaye hazijamsikiliza. Mrumi hakuwa na neno la kumtaja mtu anayependa wa jinsia yake kama aina ya mtu. Hakulihitaji. Alitaka kujua nani yuko juu na nani yuko chini, na huyo wa chini ni mwungwana au ni mali ya mtu.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa lugha yetu inabeba jambo ambalo Kiingereza hakiwezi kulibeba. Kwetu mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa. Kilatini nacho kiligawa hivyo hivyo: mwanamume alikuwa na msemo wake, *ducere uxorem*, na mwanamke kitenzi chake, *nubere*. Martial, mshairi wa mwishoni mwa karne ya 1 BK, aliandika: mnaniuliza kwa nini sitaki kuoa mke tajiri? Sitaki kuolewa na mke wangu. Anayemsoma Martial kwa Kiingereza anahitaji maelezo chini ya ukurasa. Sisi tunaelewa papo hapo, na tunajua kwa nini mwanamume akiambiwa “wewe umeolewa” mtaani anakunja ngumi.

Kitenzi hicho hicho ndicho washairi walichokitumia kama rungu. Juvenal, katika shairi lake la pili la dhihaka, anamtaja mtu wa ukoo mkubwa, Gracchus, kwamba “ameolewa” na mpiga baragumu na kumpelekea sestertii 400,000, yaani sarafu za Kirumi, mali ambayo kwa desturi ya Kirumi huletwa na upande wa bibi harusi. Hasira yote ya Juvenal inamwangukia Gracchus. Mpiga baragumu anapita hivi hivi. Pwani yetu ina maneno basha na shoga, na kila mmoja anajua ni lipi kati ya hayo mawili linalomvua mwanamume hadhi. Mrumi angelifahamu gawio hilo bila kufundishwa.

Angalia yaliyompata Julius Caesar. Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi alitumwa Bithynia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, akakaa katika ikulu ya Mfalme Nicomedes muda mrefu kuliko watu walivyotarajia. Uvumi ukamfuata maisha yake yote. Mwaka 46 KK, alipoandamana mjini Roma kusherehekea ushindi wa Gallia, Ufaransa ya leo, askari wake waliimba nyuma ya gari lake kwamba Caesar aliiweka Gallia chini, naye Nicomedes alimweka Caesar chini. Katika msafara huo huo waliimba pia: enyi watu wa mji, fungieni wake zenu, tunamleta mzinzi mwenye upara. Nyimbo mbili, mtu mmoja. Ule wa wake za watu ulikuwa karibu sifa. Ule wa Nicomedes ulimchoma, na mwanahistoria Cassius Dio anasema Caesar alijaribu kukana kwa kiapo, akazidi kuchekwa. Nicomedes mwenyewe hakutukanwa na yeyote. Kwa mujibu wa hesabu ya Warumi, alikuwa amefanya kazi ya mwanamume.

Sasa tuje kwa waungwana, maana hapa ndipo Roma ilipokuwa kali kuliko wengi wanavyodhani.

Livy, mwanahistoria wa Roma, anasimulia kwamba mwaka 326 KK kijana Gaius Publilius alijitoa kuwa rehani kwa Lucius Papirius kwa sababu ya deni la baba yake. Siku zile mdaiwa aliweza kuwekwa dhamana mwili wake, akatumika mpaka deni liishe. Papirius akamtamani yule kijana. Alianza na maneno laini, akaja na vitisho, na alipoona kijana habadiliki, kila mara akikumbuka uungwana wake kuliko hali yake ya wakati ule, akaamuru avuliwe nguo na kuchapwa. Publilius alitoka barabarani mgongo umechanika. Watu walifurika, wakaenda naye hadi mlangoni mwa Seneti, na kila seneta aliyepita waliangukia miguuni pake wakimwonyesha ule mgongo. Siku hiyo makonsuli, viongozi wakuu wa dola, waliagizwa wapeleke hoja mbele ya wananchi: mali ya mdaiwa ndiyo iwe dhamana, mwili wake usiguswe. Livy anauita mwaka huo kama mwanzo mwingine wa uhuru wa Waroma.

Kila nikikisoma kisa hiki hunisisimua. Taifa zima lilibadilisha sheria ya madeni kwa sababu kijana mmoja alisema hapana, na watu wakakubali kwamba alikuwa na haki ya kusema hapana.

Haki hiyo ililindwa kwa njia nyingi. Mtoto wa kiume wa kiungwana alivaa hirizi shingoni, *bulla*, mpaka siku alipovaa vazi la utu uzima. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, akijiuliza chanzo cha desturi hiyo, anataja kama dhana mojawapo kwamba watu wa kale walitaka mtoto wa kiungwana atambulike hata akiwa hana nguo, asije akaguswa. Sheria ya Scantinia, ambayo maandishi yake yamepotea, iliadhibu makosa ya namna hii, na Kaizari Domitian aliifufua baadaye. Jeshini nako, karibu mwaka 104 KK, askari aitwaye Trebonius alimuua kwa upanga ofisa wake, Gaius Lusius, aliyekuwa akimshurutisha alale naye. Lusius alikuwa mpwa wa jemadari Marius mwenyewe. Wote walitarajia Trebonius auawe. Marius alisikiliza mashahidi, akaitisha taji wanalovikwa mashujaa, akamvika muuaji wa mpwa wake kwa mkono wake.

Kwa hiyo anayesema Roma ilikuwa mahali pa kujiachia hajawahi kukutana na Trebonius. Lakini anayeshangilia maadili ya Marius aulize jambo moja zaidi: kama Trebonius angekuwa mtumwa wa Lusius, nini kingefuata? Angetundikwa msalabani, na hakuna ambaye angeandika jina lake.

Hapo ndipo penye uzito wa habari yote. Uungwana wa Publilius ulikuwa na maana kwa sababu mji ule ule ulijaa vijana wasio nao. Polybius, Mgiriki aliyeishi Roma karne ya 2 KK na kuwafahamu wakubwa wake, anasema baada ya Makedonia kushindwa vijana wa Kirumi walivamia anasa mpaka mtu akatoa talanta nzima ya fedha kununua mvulana, na drakma 300 kununua mtungi wa samaki wa kukausha kutoka Bahari Nyeusi. Mvulana na samaki wako katika sentensi moja. Cato, mzee aliyesifika kwa ukali wa maadili, alilalamika hadharani kwamba dola inaporomoka pale wavulana wazuri wanapouzwa bei kubwa kuliko mashamba, na mitungi ya samaki bei kubwa kuliko wakulima. Nimetafuta katika lalamiko hilo neno moja la kumhurumia mvulana. Halimo. Cato analia na bei.

Miaka mia mbili baadaye Seneca mwanafalsafa aliandika barua, ya 47 katika mkusanyo wake, kuhusu namna mabwana wanavyowatendea watumwa. Humo anamwonyesha mtumwa wa kumimina mvinyo. Amepambwa kama mwanamke na anashindana na umri wake. Amekwisha kuwa na umbo la askari, lakini haruhusiwi kuuacha utoto. Nywele za mwili husuguliwa au hung'olewa kwenye mizizi, na usiku kucha hakai macho kwa hiari yake, bali kati ya ulevi wa bwana na tamaa ya bwana. Sijui sehemu nyingine katika maandishi ya Roma inayomsogelea mtumwa wa namna hii kwa karibu kiasi hicho. Seneca alimwona. Alisema hawa ni watu, wamezaliwa kwa mbegu ile ile, wanavuta hewa ile ile. Kisha akafafanua kwamba haombi watumwa waachwe huru. Anaomba watendewe kwa upole.

Na katika riwaya ya Petronius, tajiri Trimalchio, aliyeletwa kutoka Asia akiwa mtoto, anawaambia wageni wake mezani kwamba alikuwa kipenzi cha bwana wake kwa miaka kumi na minne, halafu anaongeza: si aibu kufanya anachoamuru bwana. Ni yale yale ya Haterius, ila safari hii yanatoka mdomoni mwa aliyetendwa, ameyameza mpaka yamekuwa yake.

Tulio watu wa pwani hatuna sababu ya kuyaona haya kuwa ya mbali. Tulikuwa na masuria, na suria hakuulizwa. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hali ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria kando, wakihesabiwa kana kwamba ni wake wa ndoa. Ilibidi wangoje mpaka 1909. Nalitaja hili kwa sababu tunapoisoma Roma huwa tunakimbilia kutazama ni mwanamume na nani, na tunaupita mnyororo bila kuusimamia. Warumi wenyewe hawakuona tofauti ya msingi kati ya mtumwa wa kike na wa kiume kitandani mwa bwana. Mshairi Horace anaandika waziwazi kwamba mwili ukiwaka tamaa, na kijakazi au kijana wa nyumbani yuko karibu, mtu hana haja ya kujitesa. Musonius Rufus, mwanafalsafa wa karne ya 1 BK, ni miongoni mwa wachache waliokataa: alisema bwana anayemlala kijakazi wake anakosa, kwa hoja kwamba mke akilala na mtumwa wake wa kiume kila mtu angeona vibaya. Waliomfuata ni wachache.

Je, hapakuwa na mapenzi? Bila shaka yalikuwepo. Siamini kwamba katika miji iliyojaa mamilioni ya watu kwa karne nyingi hakuna wanaume wawili wa hali moja waliopendana na kuzeeka pamoja. Lakini maandishi yetu yameandikwa na mabwana, na mabwana hawakuwa na sababu ya kuwaandika hao. Hata pale penzi linapoonekana wazi, kipimo cha zamani kinarudi. Kaizari Hadrian alimpenda kijana wa Bithynia, Antinous, aliyezama katika mto Nile mwaka 130. Hadrian alijenga mji mahali pale na kuuita Antinoopolis, akamfanya kijana kuwa mungu, na sanamu zake zikasambaa dola nzima. Nyingi ziko makumbusho hadi leo. Mwandishi wa Kirumi wa maisha ya Hadrian alipotaka kumkosoa, aliandika kwamba alimlilia kama mwanamke. Kumpenda kijana halikuwa neno. Kulia ndiko kulikomshusha.

Wanawake wameandikwa kidogo zaidi, na waliowaandika ni wanaume waliotishwa nao, kama Martial na dhihaka zake kwa mwanamke aitwaye Philaenis. Kwa sheria ya juu na chini, mwanamke aliyempenda mwanamke alikuwa amejitwalia nafasi ya mwanamume, na hilo halikusameheka. Lakini mchanga wa Misri ya Kirumi umetuhifadhia kipande cha mafunjo cha karne ya 2 BK chenye uganga wa mapenzi: Herais anaomba roho na moyo wa Sarapias vivutwe na kufungwa kwake. Majina ya mama zao yametajwa, kama waganga wetu wanavyofanya hadi leo. Hakuna mshairi kati yetu na Herais.

Turudi kwa lile dai la mahubiri. Ramani ya dola ya Kirumi ilifikia upana wake mkubwa kabisa chini ya Kaizari Trajan, aliyefariki mwaka 117, na Cassius Dio anasema bila kigugumizi kwamba Trajan alipenda wavulana na mvinyo. Sheria kali zilikuja baadaye sana, kwa mkono wa makaizari Wakristo. Mwaka 342 wana wa Kaizari Constantine walitoa amri inayoanza na maneno “mwanamume anapoolewa kama mwanamke”. Kitenzi ni kile kile cha Martial, *nubit*, sasa kimevaa upanga. Mwaka 390 ikatoka amri ya kuwachoma moto wanaume waliokuwa wakitolewa katika madanguro ya mji wa Roma. Miaka 20 baadaye, 410, Alaric na Wagothi wake wakaingia Roma na kuipora, na mwaka 476 kaizari wa mwisho wa Magharibi akaondolewa. Kama mpangilio wa miaka ni ushahidi, basi haumsaidii mhubiri. Sisemi kwamba sheria zile ziliiangusha Roma. Iliangushwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, hazina tupu, maradhi na mipaka isiyolindika. Dai kwamba tendo hili huleta maafa kwa taifa zima tunaliona waziwazi katika sheria za Kaizari Justinian, karne ya 6, zilizotangaza kwamba linasababisha njaa, matetemeko na tauni na kulitaja kuwa kinyume cha maumbile. Maneno hayo yalisafiri mbali, mpaka yakafika katika sheria za jinai za Waingereza na kupitia kwao katika vitabu vya sheria vya Tanzania na Kenya.

Itazame tena amri ya 390. Wanaochomwa ni wale waliotumika “kike”. Wengi wa watu wa madanguro walikuwa watumwa au masikini wasio na pa kwenda. Wateja waliokuwa wakilipa hawatajwi. Imani ya dola ilikuwa imebadilika, lakini macho yalikuwa yale yale: aliye chini ndiye mwenye hatia. Tofauti ni kwamba zamani alidharauliwa, na sasa anachomwa.

Upande wa pili nao una la kujibu. Mtandaoni hupita picha na maelezo kwamba Kaizari Nero alifunga ndoa na mwanamume, kana kwamba hiyo ni bendera ya ukombozi. Mwanamume huyo, Sporus, alikuwa kijana aliyeachwa huru, ambaye Nero aliagiza ahasiwe kwa kuwa sura yake ilifanana na Poppaea, mke aliyefariki. Akavikwa shela, akaitwa malikia. Nero alipokufa mwaka 68, Sporus alirithiwa na wakubwa wengine, na mwaka uliofuata, chini ya Kaizari Vitellius, alipoambiwa atapandishwa jukwaani kuigiza binti anayetekwa, alijiua. Anayemtetea mtu wa leo apende kwa hiari yake hapaswi kumweka Sporus kwenye bango.

Yupo mwingine ninayemfikiria zaidi kuliko Sporus. Earinus alizaliwa Pergamum, akahasiwa akiwa mtoto, akawa mmiminaji mvinyo na kipenzi cha Kaizari Domitian. Ndiye Domitian huyo huyo aliyepiga marufuku kuhasi watu katika dola nzima, na hata akashusha bei ya matowashi waliobaki kwa wafanyabiashara. Earinus alipofikia umri wa kukata nywele ndefu za utoto, alizituma katika hekalu la Asclepius, mungu wa uponyaji, kule kwao, pamoja na kioo, ndani ya kisanduku cha dhahabu na vito. Martial akatunga mashairi. Mshairi Statius naye akatunga lake refu, na katikati ya sifa za kumpendeza kaizari akaingiza mistari michache kwamba kijana huyu, laiti angechelewa kuzaliwa hata sheria ikamkuta, mashavu yake yangekuwa yameota ndevu, na hekalu lingepokea zawadi mbili badala ya moja.

Mashairi ya Martial na Statius tunayo mpaka leo. La Earinus mwenyewe hatuna hata neno moja.